Kungwi na Mwali Mwenye Mkia

Mtaani kwetu Temeke hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa nalo, ila nililisikia likitamkwa mara chache, na kila mara na mtu aliyekuwa mgeni. Watu walisema Kungwi. Sisi wapangaji wake tulimwita Bi Mkubwa.

Kungwi, kwa msomaji wa bara kama nilivyokuwa mimi, ni mwanamke anayemfunda mwali. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Haonekani barabarani, na kungwi humwendea humo chumbani akamfundisha namna ya kuishi na watu. Akishaiva hutolewa kwa ngoma na vigelegele, mtaa mzima ukishuhudia. Kazi hiyo Bi Mkubwa aliifanya tangu kabla ya Uhuru, na wanawake wengi walioheshimika kati ya Temeke na Buguruni walikuwa wamepita mikononi mwake.

Nilipopanga chumba nyumbani kwake, Ujamaa ulikuwa ndiyo habari ya kila mkutano na wasichana walikuwa shuleni. Mzazi wa kumweka bintiye ndani miezi na miezi, kama zamani, alikuwa wa kutafuta kwa tochi. Bi Mkubwa alibaki na ufundi mwingi na kazi kidogo. Mtu mwingine angelalamika. Yeye alichukua paka.

Paka wenyewe hawakuwa wa kufugwa. Walikuwa mashume wa Buguruni, waliokulia chini ya meza za wauza nyama sokoni, wenye masikio yaliyochanika na tabia ya kumtazama binadamu kama mwizi anayejulikana. Panya walikuwa wametuzidi. Unga ukipatikana, wao ndio waliokuwa wa kwanza kuuonja. Kila nyumba ilitaka paka wa ndani. Lakini ukimleta shume wa Buguruni nyumbani asubuhi, jioni keshafika kwao kabla hujavua viatu. Bi Mkubwa ndiye mtu pekee niliyemjua aliyeweza kumchukua paka wa aina hiyo akamfanya alale kwenye mkeka wa watu, kwa hiari yake mwenyewe.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutengeneza mizani za madukani, na yale machache ninayoyajua zaidi ya hapo nimejifundisha kwa kusoma na kutazama. Kwa hiyo nilitazama. Chumbani anamofundwa mwali wa kibinadamu mwanamume haingii wala hasikilizi. Kwa paka hakuna aliyeweka mwiko huo, nami nilivuta kigoda nikakaa mlangoni.

Haikuwa kukaa kwa amani. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Yaani watani, na mtani hana pa kujificha.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umelala, Mnyamwezi, au umebeba mizigo ya watu mpaka asubuhi?"

"Nimelala. Nyie ndio hamlali, kutwa ngoma."

"Ngoma tunapiga sie, kucheza mnacheza nyie. Haya, kaa hapo. Na usimtazame mwanangu machoni, ana aibu."

Huyo mwana mwenye aibu alikuwa juu ya kabati, amemkwaruza Bi Mkubwa mkono wote kuanzia kiwiko mpaka kucha.

Kosa la kwanza la watu, alivyosema, ni gunia. Kila mtu wa pwani anajua kwamba paka huhamishwa ndani ya gunia lililofungwa mdomo ili asiione njia ya kurudi. Wengine hulizungusha gunia hewani, wakidhani akili ya paka ni maziwa ya kuvurugwa. Bi Mkubwa hakutaka hata kulisikia. Alimbeba paka katika tenga, kama la kuku, na akapita naye barabara kubwa mchana, akisimama kusalimiana na kila mtu, paka akichungulia kwenye matundu.

"Bi Mkubwa, si atarudi?"

"Arudi. Asiyejua njia ya kwao hakai, amefungwa tu. Nataka aijue, halafu akae."

Maneno hayo niliyachukulia kuwa ya kizee. Nilipoendelea kutazama niliona yana hesabu ndani yake. Paka wa gunia hutumia nguvu zake zote kutafuta yuko wapi. Paka wa tenga anajua yuko wapi; kilichobaki ni kuamua kama panafaa.

Hakumwonyesha nyumba nzima. Nyumba yetu ilikuwa ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, uani jiko na choo, na stoo mwisho wa ukumbi, yenye mlango mwingine wa kutokea uani. Mwali alianza na stoo peke yake, mlango umerudishwa. Humo aliwekewa khanga ambayo Bi Mkubwa alikuwa ameivaa na hakuifua, na karai kuukuu lenye mchanga. Katika mchanga huo alichanganya konzi za udongo aliouleta Buguruni kwenye kikapu, chini ya mchicha. Mama Chausiku, mpangaji wa chumba cha kati, alipougundua udongo huo aliziba pua kwa upande wa khanga.

"Bi Mkubwa, unatuletea choo cha Buguruni huku Temeke?"

"Wewe ulipokuja kutoka Rufiji, mto wako wa kulalia uliuacha?"

"Mto si choo!"

"Kwa paka ndiyo huo huo. Pale panaponuka yeye, ndipo kwao."

Alikuwa na tabia ya kukaa ndani ya stoo akimpa paka mgongo. Angeweza kuchambua mchele hivyo kwa muda mrefu, akizungumza polepole na ukuta. Nilichotegemea ni siri kubwa za unyago. Nilichosikia ni haya: kwamba kucha zina kazi yake na mahali pake, na mahali pake ni lile gome la mnazi lililosimamishwa pembeni, si mguu wa mtu; kwamba mwenye njaa haibi, anakuja akakaa akaonekana; kwamba katika nyumba ya watu wengi usimzoee mmoja ukamnunia mwingine. Nikamwambia kwamba mafunzo hayo hata mimi ningeyahitaji.

"Wewe umechelewa," alisema. "Mfupa umeshakomaa."

Mgeni, twasema, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa na yake: "Paka siku ya tatu ndiyo kwanza anafika." Akiona mtu anamharakisha paka, anamvuta mkia au anambeba kwa nguvu ili amzoee, humwambia: "Mwache, anaoa kwa macho, bado anachagua." Alifunga ncha ya khanga iliyochakaa kwenye mwiko na kuiburuta sakafuni bila kuitazama, na shume aliyekuwa akiogopewa na mbwa wa soko zima angeishia kuirukia kama mtoto. Bi Mkubwa hakucheka mbele yake. Alitoka nje, akacheka uani, akarudi na uso wa msibani.

Jambo lililokuwa gumu kwangu kulipatanisha na haya yote ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa mtu wa ndani. Hakuwa hata mtu wa uani. Kukicha alikuwa keshatoka: yuko Buguruni anapima vitambaa asivyovinunua, yuko msibani Kiwalani, yuko harusini Kinondoni kwa watu ambao hakuwafahamu vizuri. Khanga yake ya pili ilikuwa haikai begani kwa haraka aliyokuwa nayo. Aliwafundisha wengine kutulia kwa miaka yote hiyo, na sikumbuki kumwona akimaliza kikombe cha chai ameketi mahali pamoja.

Tena kulikuwa na Chausiku. Mtoto alipofikia umri, mama yake alikuja kwa Bi Mkubwa kwa heshima zote, na kopo la ubani mkononi, kumkabidhi binti awekwe ndani. Mimi nilikuwa ukumbini nikipaka mafuta mizani. Angekuwa mwali wake wa kwanza baada ya muda mrefu, na niliamini angempokea kwa mikono miwili.

"Huyu?" alisema Bi Mkubwa. "Huyu anasoma mpaka karatasi za kufungia maandazi. Mpeleke shule. Nitamfunda jioni akirudi, na Jumapili."

"Lakini Bi Mkubwa, mila..."

"Mila ni yangu. Naijua ilivyo ndefu na ilivyo fupi. Ubani lete."

Basi Chausiku akasoma, na Bi Mkubwa akaendelea na paka. Wote aliwagawa wakishaiva. Ila mmoja, shume mkubwa wa kijivu mwenye sikio moja na nusu, Bi Mkubwa alisema juu yake tangu tenga liliposhuka: "Huyu simtoi kwa mtu. Huyu wangu." Hakumpa jina. Jina, kama kwa mwali, lingekuja siku ya kutoka.

Mwaka huo palizuka hofu ya kichaa cha mbwa. Balozi wa nyumba zetu kumi, mwanamume mwembamba aliyependa utaratibu kuliko chakula, alipita mlango hadi mlango.

"Jumamosi asubuhi watapita watu na nyama yenye sumu, huku na Buguruni. Mbwa wafungwe, paka wawe ndani. Kitakachokutwa nje hakina mwenyewe. Bi Mkubwa, umenisikia?"

"Nimesikia. Wangu yuko ndani."

"Hakikisha."

Na kweli alikuwa ndani. Alikuwa ameshaizoea stoo, anakula mkononi, na Bi Mkubwa akichambua mchele, paka analala juu ya miguu yake. Alhamisi ilikuwa siku ya kumtoa, yaani kumfungulia mlango wa stoo ajue na ukumbi. Bi Mkubwa alikusudia kufungua mlango, kukaa chini na kunyamaza. Lakini hakumwambia Mama Chausiku kwamba atanyamaza, naye Mama Chausiku alijua jambo moja tu kuhusu siku ya kumtoa mwali. Mwanawe hakutolewa kwa ngoma, na hamu hiyo ilikuwa imemkaa kifuani. Alikusanya wanawake wa mtaa, kwa nia njema kabisa, wakajipanga ukumbini kimyakimya kama zawadi.

Mlango ulifunguliwa. Sikio moja na nusu likatokeza. Ngoma ikalia.

Sijawahi kuona mnyama akipanda ukuta ulionyooka namna ile. Alipita kwenye nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, tukasikia makucha juu ya bati, kisha hatukusikia kitu, isipokuwa kigelegele cha mwanamke mmoja aliyekuwa amechelewa kuelewa.

"Mmempa talaka," alisema Bi Mkubwa.

Mama Chausiku alilia. Mimi na yeye tulikwenda Buguruni jioni hiyo hiyo, tukamkuta juu ya paa la kibanda cha muuza nyama. Alitutazama kama watu aliowahi kuwaona kwenye mkutano fulani, kisha akageuka. Tuliporudi na habari, nilipendekeza wavu. Bi Mkubwa alikataa.

"Ukimkamata utaleta mwili. Njia anaijua."

"Jumamosi ni keshokutwa, Bi Mkubwa."

"Na mie najua kuhesabu siku, mtani." Hakuniita Mnyamwezi. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

Ijumaa jioni alirudi. Yaani, alirudi mtaani, nyumbani hakufika. Tulimwona juu ya bati la jirani wa tatu, kisha kwa Balozi, kisha upande wa pili wa barabara, akienda mbio na kusimama, akigeuza kichwa huku na huko. Nilimtazama kwa muda na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho mwalimu wake hakukiona.

Kila jioni kabla ya kumpa mwali chakula, Bi Mkubwa alikuwa akikaa juu ya mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma, akikuna nazi. Kisha alimpa dagaa wenye machicha kidogo juu. Paka alijifunza kwamba mkwaruzo ule ndio mwito wake. Lakini saa ile ya jioni, Temeke nzima inakuna nazi. Katika kila ua palikuwa na mwanamke juu ya mbuzi, na yule mnyama alikuwa akisikia anaitwa nyumba kumi kwa mpigo. Akielekea kwetu, jirani anaanza. Akielekea kwa jirani, wa ng'ambo anaanza.

 Nilipomweleza Bi Mkubwa, alijipiga paja.

"Nimemfunza mwito wa kila mtu! Mzee mzima mie!" Akajifunga khanga kiunoni akaenda kwa Balozi, nami nyuma yake.

"Balozi, nyumba zako kumi ziache kukuna nazi."

Balozi alimtazama, akanitazama mimi, akatafuta kicheko nyusoni mwetu asikione. "Mpaka lini?"

"Mpaka paka wangu aingie."

"Bi Mkubwa, kwani watu wanapika chakula cha kesho? Wana njaa leo! Mke wangu ameshavunja nazi. Nitawaambia nini?"

"Waambie wale chukuchuku. Si kila siku mnatuhubiria kushirikiana? Mie nimefunda wake zenu. Mke wako huyo hapo, muulize alifundwa na nani."

Kutoka jikoni sauti ya mke ilisema, "Mbuzi nimeshaikunja, Bi Mkubwa."

Balozi alikuwa mtu wa utaratibu, na amri akishaipokea huitekeleza. Alipita nyumba hadi nyumba, mikono nyuma, akitangaza kwamba nazi imesimamishwa hadi taarifa nyingine. Dereva mmoja aliyekuwa ametoka kazini aliuliza kama amri hiyo imetoka juu. Balozi akajibu, "Imetoka juu ya bati," akapita.

Mkwaruzo ulipungua nyumba moja baada ya nyingine mpaka ukakatika. Sikuwahi kuusikia mtaa ule ukiwa kimya saa ya mapishi. Bi Mkubwa aliuacha wazi mlango wa stoo wa upande wa uani, akaketi juu ya mbuzi katikati ya uani, akaipa mgongo njia ambayo paka angepitia. Sote tuligeuka kama yeye. Mama Chausiku alifumba na macho kabisa. Kisha akaanza kukuna, polepole, kama siku zote.

Bati lililia. Kitu kilianguka laini ukutani. Hakuna aliyegeuka. Nilimwona tu alipopita pembeni mwa mguu wangu, mkia umesimama, akampita Bi Mkubwa bila salamu, akaingia stoo na kulala juu ya khanga isiyofuliwa.

Bi Mkubwa aliendelea kukuna mpaka nazi ikaisha. Kisha akaufunga mlango. Ndipo Balozi alipopaza sauti barabarani, "Ruksa!" na nyumba kumi zenye njaa zikaanza kukuna kwa pamoja, kwa kishindo ambacho ngoma ya Alhamisi haikufikia. Tulichungulia stoo kwa hofu. Alikuwa amelaza sikio zima, nusu ameiacha wazi, na hakuondoka.

Jumamosi watu walipita na nyama yao. Katika nyumba zetu kumi hawakukuta kitu nje isipokuwa Balozi. Paka alipewa jina Ruksa, akaishi ndani ya nyumba ile mpaka akazeeka.

Nilihama baadaye, nikaoa, nikapata nyumba Kinondoni. Bi Mkubwa nilimwona kwenye shughuli za watu, daima akiwa amesimama. Kisha, Ujamaa ukiwa umeanza kusemwa kwa sauti ya chini, Chausiku alinitafuta kazini. Alikuwa muuguzi sasa, na yeye na mumewe walikuwa wamejenga Mbezi Beach. Bi Mkubwa aliugua, nyumba ya Temeke ikabomoka upande, naye Chausiku akamtoa hospitali moja kwa moja hadi kwake.

"Anatoroka, mjomba," aliniambia. "Kila siku analifuata geti. Juzi amekutwa barabarani anaelekea siko. Ataangukia chini ya gari. Chumba nimempa kizuri, nyumba yote nimemwonyesha, hataki. Nifanye nini?"

"Ulimleta vipi?"

"Kwa gari. Alikuwa amelala, vioo tumefunga kwa ajili ya kifua."

"Ulimleta kwenye gunia," nilisema, na Chausiku aliyekulia nyumba ile alishika kinywa.

Niliazima gari la kazini, tukampeleka Temeke mchana, vioo vimeshushwa, tukipita polepole ili aione kila njia panda. Alisalimiana na watu kupitia dirishani. Kwenye nyumba yake alishuka, akazunguka, akachukua khanga yake kuukuu iliyobaki msumarini chumbani, haijafuliwa, nami nikachukua mbuzi yake ya kukunia nazi. Tukarudi Mbezi kwa njia ile ile. Getini akaniita.

"Mnyamwezi."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Unaniweka ndani?"

"Nimejifunza kwa nani?"

Alinitazama. Alikuwa amepungua sana, lakini macho yalikuwa yale. "Basi geuza mgongo," alisema. "Nina aibu."

Tulimwachia chumba kidogo cha nyuma, kile cha karibu na jiko, na khanga yake kitandani bila kufuliwa. Nilimwomba Chausiku aliache geti wazi. Alisita, kisha akafungua komeo mwenyewe. Mimi niliketi uani juu ya mbuzi, uso nimeuelekeza ukutani, nikavunja nazi na kuanza kukuna. Jirani zake wa Mbezi walikuwa na kuta ndefu. Hakuna mwingine aliyekuna.

Nilisikia ndara zake zikitoka. Zilipita nyuma yangu, zikaenda mpaka getini, zikasimama. Upepo ulikuwa ukisukuma bati la geti. Sikugeuka. Chausiku, aliyekuwa kando yangu, alifumba macho kama mama yake.

Ndara zilirudi.

"Unaikuna mpaka kwenye kifuu," ilisema sauti juu ya kichwa changu. "Tui litakuwa jeusi. Hebu inuka hapo, nikae."